Nafasi ya Mpigo wa Tatu

Kibeta, Bukoba
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Kamugisha,

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu hadi mstari wa mwisho: mhunzi wa ukoo wetu anapopiga nyundo mara mbili kisha akaacha nafasi ya mpigo mmoja, nafasi hiyo si uvivu, si mazoea mabaya, wala si ushirikina. Ni sehemu ya kazi. Na shule yoyote itakayokufundisha kuiziba itakuwa imekufundisha nusu ya ufundi, hata ikikupa cheti chenye muhuri wa serikali.

Unashangaa, najua. Umezoea kuniona nikimcheka mtu anayeahirisha safari kwa sababu amejikwaa mguu wa kushoto. Umenisikia nikiwabishia wachungaji, makarani wa boma, na hata daktari aliyekuwa akinitibu. Leo natetea kitu kisichopimika kwa rula. Nakitetea kwa hoja wala si kwa hofu, ingawa sitakuficha kwamba hofu ipo, na imekaa karibu na meza ninayoandikia.

Habari za blanketi, sabuni, sala na watu wa kwenye meli mama yako amekwisha kukueleza, sitazirudia. Ninapoandika, wewe uko barazani unagongomea kifuniko cha sanduku utakalokwenda nalo shule ya ufundi ng'ambo ya ziwa, na mvua inanyesha juu ya migomba. Nakusikia vizuri: mbili, kimya, mbili, kimya. Muda mfupi uliopita mama yako alitoka jikoni, kule nyuma ya kibanja chetu cha migomba, kisu cha kumenyea ndizi kikiwa mkononi, akasimama dirishani kwangu.

"Shemeji, nani huyo anamsaidia mtoto kugongomea?"

"Yuko peke yake," nikamwambia.

Alisimama akinyeshewa, akakutazama, akasikiliza. Kisha akarudi jikoni na kufunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya moto ukiwa unawaka.

Unakumbuka kikao cha Jumapili. Ulikuwa umekaa karibu na mlango, na kila aliyekuuliza jambo ulimjibu kwa kuitazama mikono yako. Ta Bashaija, binamu wa babu yako na msemaji wa ukoo, alikuwa amekuja kutoka Ijuganyondo kwa kanzu yake safi. Mwalimu Dominiki, niliyesoma naye chuo huko Uganda, alikuja bila kualikwa, kama kawaida yake kila panapokuwa na mabishano. Wote wawili walikuwa wakitafuna kahawa, na kila mmoja alikuwa na mpango wake juu ya maisha yako.

"Mtoto amefaulu," alisema Dominiki. "Amepata nafasi ya sekondari. Anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa hakimu. Wewe uliyevaa joho unampeleka kwenye makaa. Umerogwa?"

"Nchi hii itakapojitawala itakuwa na mahakimu," nikamjibu. "Nani atafua bawaba za mlango wa mahakama?"

"Zitatoka Ulaya, ndani ya makasha."

"Na zikikatika?"

"Mahakama itakaa wazi. Haki haina haja ya mlango."

Hata Ta Bashaija alicheka. Alipomaliza kucheka alitema maganda ya kahawa kwenye kiganja, akayatazama, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi sina ugomvi na shule. Aende. Lakini nyundo ya marehemu babu yake haivuki ziwa. Na kama wanakwenda kumfundisha kupiga mfululizo kama mashine ya kukoboa, wataiziba nafasi. Yule anayekaa katika nafasi ile akiikosa kwenye fuawe, ataitafuta ndani ya nyumba."

Dominiki aliacha kutafuna.

"Yule nani, waitu?"

"Muulize msomi mwenzako. Aliwahi kumfukuza."

Nilitaka kumjibu, na ulimi wangu, unavyoujua, haukosi jibu. Lakini nilikuona umeinua macho kwa mara ya kwanza siku ile, na ukanitazama kama unayesubiri. Sikuweza kueleza mbele ya watu waliokuwa wakicheka dakika moja iliyotangulia. Ndiyo maana naandika.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mhunzi Ijuganyondo, chini ya genge la mawe. Nyundo iliyomo chumbani mwangu, kwenye kona kati ya kabati la vitabu na ukuta, imefungwa kwa kitambaa cha magome, ndiyo aliyoitumia maisha yake yote. Haikununuliwa dukani. Ilifuliwa na yeye na ndugu yake, na siku ilipokamilika ililetwa nyumbani kama anavyoletwa bibi harusi: imefunikwa uso, wanawake wakipiga vigelegele, ikaketishwa ndani na kupewa kahawa ya kumkaribisha mgeni. Kwa wahunzi wa kwetu ndivyo ilivyokuwa, na hata wale waliobatizwa hawakuona ubaya wake. Nyundo iliyoolewa haitupwi, haiuzwi, wala haiachwi uwanjani inyeshewe. Nilipokuwa chuoni niliandika insha ndefu kueleza mila hiyo, kwa lugha ya wataalamu wa mambo ya jamii. Mwalimu wangu aliisifu. Nilijivuna sana, na sasa nikiisoma naona nilieleza kila kitu isipokuwa kwa nini, nikiwa mtoto, nilikuwa nikisalimia nyundo ile kabla ya kumsalimia baba.

Huyo ndugu yake aliitwa Kyaruzi. Walifanya kazi wakitazamana, fuawe, lile chuma la kufulia, likiwa katikati: babu yako mapigo mawili, Kyaruzi moja. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza Kyaruzi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari za kifo chake wala za uhai wake, kwa hiyo hakuombolezwa, na kibanjani kwetu hakuna kaburi lake. Hayo niliyajua tangu utoto, kama mtu anavyojua majina ya vilima. Sikuyaunganisha na jambo lingine lolote. Niliambiwa baba husita baada ya mapigo mawili kwa sababu bega lake lina maumivu, nikaridhika.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kisimani, mimi na baba yako, tulikuwa tukisikia nyundo kutoka mbali. Kutoka mbali haikuwa na pengo. Ilikuwa tatu, tatu, tatu, bila kusita. Tukikaribia, mpigo wa tatu ulikuwa ukififia, na tukifika mlangoni palikuwa na mzee mmoja anayepiga mara mbili na kungoja. Baba yako, kaka yangu Byabato, aliniuliza siku moja, "Wewe unaona nini?" Nikamwambia ni mwangwi wa genge. Nilikuwa mdogo, lakini jibu lilikuwa tayari.

Na lilikuwa jibu zuri. Jiwe hurudisha sauti. Huhitaji kwenda chuo kulijua hilo. Lingeendelea kuwa zuri kama Byabato asingeihamisha nyundo.

Miaka kadhaa baada ya babu yako kufariki, shule moja upande wa Muleba ilianzisha madarasa ya ufundi kwa wanafunzi wakubwa, na Byabato akachaguliwa kufundisha uhunzi. Ta Bashaija alikasirika, kwamba watoto wa koo nyingine watafundishwa kazi yetu. Byabato alimjibu kwamba jembe haliulizi ukoo wa anayelima. Alikwenda na nyundo. Wewe ulikuwa mdogo, ukabaki hapa Kibeta na mama yako. Baba yako alirudi wakati wa likizo tu, na hapa hapakuwa na tanuri. Nalisisitiza hilo kwa sababu nitalihitaji mbele.

Karakana ya shule ile ilijengwa kwenye uwanda, karibu na mafunjo. Hakuna genge, hakuna kilima cha karibu, hakuna kitu cha kurudisha sauti ila anga. Nilikwenda kumtembelea mwaka niliopata nafasi ya chuo, kichwa changu kikiwa kimejaa vitabu kuliko kilivyoweza kubeba. Niliwakuta wanafunzi wake, vijana wa kila ukoo, ambao hawakumwona babu yako hata siku moja, wamepangwa kwenye mafuawe ya chuma. Wote wakipiga mbili na kungoja. Walikuwa wakirithi maumivu ya bega la mtu waliyekuwa hawamjui.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikachukua chaki. Niliandika ubaoni, mbele ya wanafunzi, kiasi cha kazi kinachopotea kila siku kwa kungoja kule, na jinsi chuma kinavyopoa bure. Hesabu ilikuwa sahihi. Hata leo nitaitetea. Byabato alisimama ameegemea mlango, mikono imekunjwa.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nionyeshe kosa."

"Kosa silioni. Wewe ndiye msomi."

"Basi wafundishe kupiga mfululizo. Mkaguzi anakuja. Unataka aandike kwamba karakana nzima inasinzia?"

Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, lakini siku ile hakutania. Akasema, "Waitu," kama anavyoambiwa mkubwa, na neno hilo kutoka kwa kaka yangu lilinichoma kidogo. Siku zilizofuata aliwafundisha kupiga mfululizo.

Mkaguzi alikuja kabla ya adhuhuri, Mwingereza mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kusoma kitabuni. Jua lilikuwa kali, milango yote iko wazi. Byabato alianza kwa nyundo ya babu yako, wanafunzi wakafuata, na sauti ikawa moja, imenyooka, haina mwanya. Nilisimama nyuma ya mkaguzi nikiwa nimejaa fahari. Byabato akainua mkono wa kushoto. Wote wakaacha kwa pamoja, kama alivyowazoeza.

Kisha likasikika pigo moja.

"Nani hakusikia amri?" aliuliza mkaguzi.

Hakuna aliyekuwa ameinua nyundo. Katika kona palikuwa na fuawe lisilotumiwa, na juu yake bakuli la maji. Maji yalikuwa yakitikisika. Tuliyatazama yanavyotulia, na yalipotulia likaja pigo la pili, halikuwa kubwa wala dogo, na maji yakatikisika tena. Kijana mmoja aliweka nyundo yake chini taratibu, kama anayeweka yai, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka nje.

"Mabati," nilisema. "Mabati yakipata jua hulia."

"Ndiyo, mabati," alisema mkaguzi, lakini aliyaangalia maji.

Likaja la tatu. Ndipo Byabato, bila kumtazama mtu yeyote, aliinua nyundo, akapiga mbili, akangoja. Katika kungoja kule pigo lilikuja na kuingia mahali pake. Akapiga mbili tena, akangoja. Safari hii kulikuwa kimya; ila kimya chenyewe kilikuwa na urefu, kama kimya cha mtu aliyepewa kiti na kuketi. Wanafunzi, mmoja mmoja, wakaanza kumfuata, mbili na nafasi, mbili na nafasi, na bakuli halikutikisika tena.

Mkaguzi aliandika kwamba darasa ni zuri na kwamba wanafunzi wana namna ya pekee ya kupiga. Jioni ile sikuwa na chaki mkononi. Byabato alikuwa akiosha uso kwenye ndoo.

"Msomi," alisema, maji yakimdondoka kidevuni, "hesabu yako ilisahau mtu mmoja."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Baba hakuwa na ubovu wa bega. Alibeba mawe ya kujengea kanisa kwa bega lile. Alikuwa akimwachia Kyaruzi zamu yake. Ulidhani tunangoja nini?"

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Lini? Uliwahi kuninyamazia?"

Niliporudi Bukoba nilimweleza Dominiki. Alikuwa na jibu, nami kwa miezi mingi nililitumia jibu lake kama langu: chuma kinachopoa hujikaza na kutoa sauti, mabati hulia, macho yaliyotishika huona maji yakitikisika. Lakini mabati hayapigi kwa mwendo, Kamugisha, na chuma kinachopoa hakisubiri zamu. Mtu mwenye akili hana haki ya kutupa ushahidi kwa sababu tu unamwaibisha. Ta Bashaija naye alipopata habari alisema nimemfukuza Kyaruzi kwenye kaburi lake la pekee. Maneno hayo niliyapuuza hadharani. Faraghani sijaweza kuyajibu.

Mwaka uliofuata baba yako aliugua homa, akalazwa hospitali. Nasema wazi, kwa kuwa wapo wanaonong'ona: homa ile iliwalaza wengi, na waliokufa nayo wengi wao hawakuwahi kugusa nyundo. Usiruhusu mtu akuuzie hadithi nyingine. Kilichobaki kwangu kutoka hospitali ile ni kidogo zaidi ya hadithi, na kizito zaidi. Nilikaa kando ya kitanda chake mchana mzima nikizungumza. Nilizungumza juu ya dawa, juu ya madaktari, juu ya kitabu nilichokuwa nikisoma. Niliogopa kimya kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Byabato aligonga chuma cha kitanda kwa kidole: mara mbili. Akanitazama. Nikaendelea kuzungumza. Akagonga tena mara mbili, akangoja, macho yake kwangu. Nikamwambia asijichoshe. Akageukia ukutani akalala, na hakuamka akiwa na nguvu ya kugonga tena.

Sijui alikuwa akimpa nafasi nani. Huenda Kyaruzi. Lakini kadiri miaka inavyopita naona huenda alikuwa akinipa mimi, na ilinipasa kugonga mara moja tu.

Nimejifunza mengi darasani, na sehemu kubwa yake ni namna ya kuziba pengo. Mwenzako akivuta pumzi, weka hoja. Kukiwa na swali, usiache likae. Hivyo ndivyo nilivyoshinda midahalo, na hivyo ndivyo nilivyompoteza kaka yangu kabla hajafa. Ndiyo maana sikubaliani na Dominiki anaposema ufundi ni elimu ya walioshindwa. Mimi sikuwahi kufundishwa na kitabu chochote kilichoniachia mahali pa kungoja. Nyundo ile ilimfundisha baba yako, naye akawafundisha vijana ambao sasa wametawanyika kila kona ya nchi yetu na ng'ambo ya ziwa, na kila mmoja, akifua jembe, anamwachia zamu mtu asiyekuwa na kaburi. Hiyo si elimu ndogo.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo hoja zangu zinapoishia na kitu kingine kuanza.

Baada ya mazishi niliifunga nyundo na kuiweka pale ilipo. Hukuwahi kuishika. Hukuwahi kufika Muleba. Babu yako alifariki kabla hujazaliwa. Mwalimu wako wa kazi za mikono katika shule ya kati ni Msukuma, mtu mwema, anayepiga mfululizo kama mvua ya masika. Siku aliyoniita shuleni nilidhani umeiba.

"Mtoto wako ana mkono mzuri sana," aliniambia, "lakini ana ugonjwa. Anasinzia kati ya mapigo. Nimemchapa, haachi."

"Anasinzia vipi?"

"Anapiga mbili, anakwenda zake. Kisha anarudi."

Nilisimama kwenye mlango wa darasa nikakuona, jasho likikutiririka, unanyoosha msumari uliopinda. Mbili, nafasi. Uso wako wakati wa nafasi ile ulikuwa uso wa mtu anayempisha mwenziwe njiani. Nilimwomba mwalimu asikuchape tena. Nilipotoka nilikwenda hadi barabarani, kwenye miti ya shule, nikasikiliza. Nitakuambia nilichosikia, na ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu: tatu, tatu, tatu.

Dominiki atasema ulisikia kwa baba yako ukiwa tumboni, au mama yako alikuimbia. Nimemuuliza mama yako. Yeye ni binti wa mkulima. Hakuwahi kukaa karibu na tanuri, na tangu aolewe hajawahi kulisogelea. Ta Bashaija atasema Kyaruzi amekuchagua. Mimi sisemi kama wa kwanza wala kama wa pili. Nasema jambo lipo, na mtu mwaminifu hulitaja jambo lilipo hata kama hana jina lake.

Huko kusini mtakuwa na mashine, na mwalimu Mzungu mwenye filimbi. Jifunze yote. Jifunze kuchora, kupima, kutumia tupa na jiriwa. Jifunze kupiga mfululizo kwa muda wote watakaotaka upige mfululizo, wala usione haya kuwashinda. Mtu asiyejua kuziba pengo hawezi kusema kwamba analiacha kwa hiari. Lakini utakapokuwa peke yako na chuma chekundu, kabla ya mtihani au baada yake, ungoje. Usingoje kwa woga. Ukingoja kwa woga utakuwa unazilisha hofu za Ta Bashaija. Ngoja kama mtu anayejua kwamba kazi hii haikuanza kwake.

Hilo ni ombi langu. Haliwezi kuwa amri, kwa sababu mimi si mhunzi, na mkono utakaoinua nyundo si wangu. Tena sijui kama Ta Bashaija ana haki juu ya ziwa. Huenda nyundo ikibaki hapa na wewe uko kule, mmoja wa nyumba hii ataanza kusikia mbao zikigongwa. Huenda nyundo ikienda nawe, utalala bwenini kati ya wavulana wageni, na kitanda cha jirani yako kitagongwa mara moja. Nimeyapima yote mawili kwa siku nyingi, wala sipati jibu linalosimama. Nilipokukuta asubuhi umesimama mbele ya kona ile, ukiitazama bila kuigusa, nilitambua kwamba na wewe unayapima.

Mvua imekatika. Nimeinua kichwa na kukuona umeweka nyundo ya misumari chini, umeingia ndani kunywa maji. Sanduku limefungwa. Uwanja uko kimya kabisa. Nimesikiliza kwa makusudi, nimeshikilia kalamu hewani, na sikusikia kitu. Nilikuwa karibu kuandika kwamba nimetulia. Sasa hivi mama yako ameita kutoka jikoni, mlango bado umefungwa:

"Shemeji, mwambie apumzike. Inatosha. Mbona bado anagonga?"

Wewe umesimama mlangoni, kikombe mkononi, umemsikia kama nilivyomsikia mimi.

Basi sikia utaratibu wa kesho. Asubuhi, kabla lori halijatuchukua kwenda bandarini, Ta Bashaija atakuwepo, Dominiki atakuwepo, na majirani watakaokuja kukuaga. Nitaisoma barua hii yote mbele yao, pamoja na habari za chaki na za kitanda cha hospitali. Nyundo itakuwa juu ya sanduku lako, imefunuliwa. Sitaki jibu la kuninong'oneza, wala la kuniandikia kutoka shuleni, wala la kutazama mikono. Umenyamaza tangu Jumapili, na watu wazima watatu tumegombania sauti yako kana kwamba ni shamba lisilo na mwenyewe. Nataka uwajibu wote, kwa sauti, umesimama: unaichukua au unaiacha, na ukifika huko utapiga namna gani.

Nitauliza mara moja. Kisha, Kamugisha, nitafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Bukoba aliyewahi kuniona nikilifanya. Nitanyamaza. Dominiki akitaka kusema nitamshika mkono. Tutasimama uwanjani, sote, hata kama meli itatuacha, na zamu itakuwa yako.

Baba yako mdogo